Mashine Iliyorudisha Mahindi

Asubuhi mota ilipoungua, Mama Mashine alikuwa amesimama juu ya stuli akimimina mahindi kwenye mdomo wa juu wa mashine, na mpishi wa shule, mwenye mahindi hayo, alikuwa anamweleza habari za jino lake. Lilikuwa limemtoka mwezi uliopita alipokuwa anachagua mahindi, likadumbukia guniani, na hajaliona tena. Alikuwa anasema kwa sauti ya juu kwa sababu ya kelele. Ghafla mashine ikakohoa, ikatoa harufu ya nywele zinazoungua, ikazunguka polepole kama mgeni anayetafuta pa kukaa, kisha ikanyamaza. Mpishi wa shule akamalizia habari ya jino, maana alikuwa amebakiza kidogo tu, halafu akasema, "Imekufa."

"Imekufa," Mama Mashine akakubali, akashuka kwenye stuli.

Mumewe walikuwa wamemzika juma lililotangulia. Watu walimwita Bwana Unga, kwa kuwa alikuwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, na hata siku aliyooshwa kwa mara ya mwisho, maji yalitoka kama uji. Hakuwa msemaji. Miaka yote alisimama juu ya stuli ile huku midomo imechongoka, na mkewe alihisi kwamba anapiga mluzi, lakini mashine ikinguruma hata anayepiga mayowe hasikiki. Jioni alipomuuliza, "Unapigaga wimbo gani ule?" alimjibu, "Wimbo gani? Napuliza vumbi tu." Basi huyo ndiye aliyekufa.

Chini ya mashine palikuwa na mtu mwingine. Huyo alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Shemeji kwa kumwiga Mama Mashine. Alikaa kwenye kigoda kando ya mdomo wa chini, unga unapotokea, akiwa na ufagio mfupi na bakuli la bati. Kazi yake ilikuwa kufagia unga unaomwagika. Kanuni ilikuwa kwamba cha chini ni cha ufagio. Aliyeitunga alikuwa yeye, na watu walikuja kukumbuka kuipinga wakati imeshazeeka. Unga ulikuwa ukimwagika sana upande ule wa bakuli.

Fundi wa mota alikuja siku hiyohiyo. Akaizunguka mota mikono ikiwa nyuma, kama mtu aliyekuja kutoa pole. Akaigonga kwa ukucha. Akainusa.

"Mama, hii ilikuwa mota," alisema. "Siku hizi hawatengenezi hivi. Shaba tupu. Kuifufua ni bei ya ng'ombe na ndama wake, na mimi nina kazi kiwandani mpaka mwezi uishe."

"Nikiifungua mwenyewe?"

"Usithubutu. Kuna nyaya tatu zinazoingia humo. Ukikosea, itakuua, au itaungua yote, au..." Alifikiri kidogo. "Au itafanya inavyotaka yenyewe. Na mota iliyofunguliwa na mtu mwingine mimi siigusi. Ni kama kumalizia kuogesha mtoto aliyepakwa sabuni na jirani. Ikimwingia machoni, nani kamuumiza?"

Alipoondoka, ukoo ukakaa kikao. Walikuwa Shemeji, dada wa marehemu ambaye Mama Mashine alimwita Wifi, na baba wadogo wawili waliopewa viti vyenye mgongo, nao wakasinzia palepale.

"Mashine inayosaga ni mashine," Shemeji alisema. "Mashine isiyosaga ni chuma. Na chuma cha marehemu ni cha ukoo. Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu anapita."

Mama Mashine aliutazama ukuta. Chumba alicholala kilikuwa nyuma ya mashine, ukuta mmoja. Chuma kikiondoka, kibanda kingefuata, na kibanda kikifuata, yeye angekuwa mwanamke mwenye godoro barabarani.

"Na ikisaga kabla ya Jumamosi?" Wifi akauliza.

Shemeji akacheka kwa upole, vile watu wanavyocheka matangani. "Ikisaga ni ya shemeji yangu, yote, na mimi nitakuwa wa kwanza kumpongeza."

Baba wadogo wakatikisa vichwa. Ilihesabiwa kwamba wamekubali.

Kesho yake Mama Mashine alivua mkanda, akafungua bolti, akaiburuta mota juu ya gunia hadi mlangoni penye mwanga. Kabla ya kukata chochote aliona ni busara aziwekee alama zile nyaya tatu, asije akachanganya. Akachukua shati la marehemu, akalichana vipande vitatu.

Hapa ni lazima isemwe habari ya mashati. Bwana Unga alinunua jora moja la kitambaa cha mistari walipooana, akashonewa mashati yake yote kutoka kwenye jora hilo, na mpaka anakufa jora lilikuwa halijaisha. Mtu mwingine angetazama vile vipande vitatu akaona kitu kimoja. Mama Mashine, aliyeyafua mashati yale tangu yakiwa mapya, aliona vitu vitatu: ukosi, mfuko na pindo. Akafunga ukosi kwenye waya wa kwanza, mfuko kwenye wa pili, pindo kwenye wa tatu, akaridhika.

Wifi alikuja akakalia gunia tupu. "Wifi yangu, mimi sijui lolote," alisema. "Nimekuja kushuhudia ukifa, ili wasije wakasema ulijiua."

"Karibu. Nishikie hapa."

Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu, akazilowesha mafuta ya taa na kuzibembeleza. Kifuniko kilipotoka, ugonjwa ulionekana. Beringi ya upande mmoja ilikuwa imesagika, kiungo cha katikati kikalala upande na kukwaruza nyaya za shaba mpaka zikaungua pembeni. Beringi aliitoa kwa mchi wa kutwangia na kipande cha bomba, huku Wifi akiwa ameziba masikio na kufumba macho, ingawa hakuna aliyejua macho yalikuwa yanakingwa na nini. Kisha akaifunga kwenye leso, akaenda nayo dukani, akaiweka mezani. "Nipe pacha wake," alimwambia mwenye duka, akapewa.

Shida ilibaki kwenye shaba. Fundi huipaka dawa inayong'aa, ili nyaya zisigusane uchi. Dawa hiyo hakuwa nayo. Akazitazama kucha za Wifi.

"Hapana," Wifi akasema.

"Kidogo tu."

"Wifi, hii rangi nimeiweka kwa ajili ya harusi ya mwanangu."

"Nitakurudishia."

"Utanirudishiaje? Utaing'oa mota kucha?" Lakini mkono ulikuwa umeshaingia mkobani. Akampa kichupa, na kwa kuwa hakuvumilia kuona mtu akipaka vibaya, akakichukua tena akapaka yeye mwenyewe, waya kwa waya, huku akipuliza. Mota ikawa nyekundu ndani kama bibi harusi.

Jumamosi asubuhi waliirudisha mahali pake. Vipande vya shati vilikuwa vimelowa grisi na mafuta ya taa. Mfuko aliutambua kwa mshono wake. Ukosi na pindo alivitazama sana. Akavinusa. Vyote vilinuka mafuta ya taa. Akakata shauri, akafunga nyaya, akavaa ndala za mpira, akachukua ufagio wa Shemeji kwa ajili ya kubonyezea swichi akiwa mbali.

"Kama ni kufa, nife nimeshika cha mtu," alisema, akabonyeza.

Mota ikazunguka. Mkanda ukakaza, mawe ya mashine yakazunguka, kila kitu kikaenda vizuri, ila hapakuwa na kelele. Mashine ilizunguka kimya kama maji kwenye mtungi, kwa kuwa kelele zake zilikuwa zinarudi ndani badala ya kutoka nje. Wifi alijiangalia kwanza kama bado yuko hai, kisha akamwangalia mwenzake.

Mashine iliyotoka kutengenezwa haipewi mahindi ya watu. Husafishwa kwanza kwa unga ulioharibika, utoe grisi na kutu. Mama Mashine alimimina bakuli zima la unga uliovunda. Kwenye mdomo wa chini yakatoka mahindi. Yalikuwa makavu, mazima, ya vuguvugu.

"Mahindi," Wifi akasema.

"Mahindi."

"Uliweka nini?"

"Unga ulioharibika."

Wifi akaokota punje, akaiuma. "Basi haukuwa umeharibika sana."

Mama Mashine akajaribu kumimina mahindi. Mashine ikatikisika kidogo, na kwenye mdomo wa chini kitu kikakwama. Walikivuta wote wawili. Lilikuwa hindi bichi, na maganda yake, na ndevu zake, na kiwavi ndani. Wifi akaliweka mkobani.

"Nimebadilisha ukosi na pindo," Mama Mashine alisema.

"Ungezipaka nyaya rangi ya kucha. Mmoja nyekundu, mwingine ungeuacha hivyohivyo."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Alikuwa anainama kuzima swichi ili azigeuze zile nyaya, ndipo Shemeji akatokea mlangoni na mnunuzi wa vyuma chakavu, mkokoteni nyuma yao. Baba wadogo walikuwa wamekuja pia, na wateja kadhaa waliosikia kwamba mashine imepona: mpishi wa shule, muuza mayai, na mwalimu mstaafu aliyekuwa amebeba debe kichwani.

Shemeji aliitazama mota inayozunguka. Akamimina unga wa kujaza kiganja, akatazama mahindi yakitoka. Hakushtuka. Alikuwa mtu wa hoja.

"Hii haisagi," alisema. "Inasagua. Sisi tulikubaliana isage."

Mwalimu mstaafu alilifikiria hilo neno, akaona halina kosa.

"Ni waya mbili tu, shemeji," Mama Mashine alisema. "Nipe dakika nizigeuze."

"Ngoja. Na hata hiyo kusagua sijaiamini. Wanawake wawili mmeshinda humu siku hizi zote, mtakosaje kuficha mahindi ndani? Mimi nitaleta unga wangu mwenyewe, ninaoujua."

Wifi akampisha mlangoni. Mtu aliyekula cha wenzake kwa muda mrefu hatimaye hukiona chake kabisa, wala hakumbuki kingine. Shemeji alikwenda nyumbani kwa furaha akarudi na gunia limejaa, limebebwa na mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma. Akapanda kwenye stuli mwenyewe. Akamimina.

Kwanza yakatoka mahindi mekundu.

"Hayo ni yangu," muuza mayai akasema. "Hapa mtaani anayepanda mekundu ni mimi peke yangu." Akakinga nguo yake.

Kisha yakatoka meupe makubwa yaliyochanganyika na maharage, kwa kuwa ghala la shule ni moja na panya wake hawatenganishi. Mpishi wa shule akasogea. Yakafuata yenye madoa ya kutu, ya mwalimu mstaafu, anayeanika juu ya bati bovu. Yakaja ya manjano, yakaja madogomadogo ya watu ambao hawakuwapo, na kila mtu akakinga yake, akayasogeza yasiyo yake kwa mguu, kwa adabu. Mpishi wa shule akainama, akaokota kitu, akakifuta kwenye nguo.

Lilikuwa jino.

Akalitazama pande zote, akalijaribu kwenye pengo, likaingia.

"Ndilo," alisema, na sauti yake ikawa nzuri zaidi.

Watu wakamwangalia Shemeji juu ya stuli. Hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wanajua siku zote, ila sasa walikuwa wanajua pamoja.

"Yalimwagika," Shemeji alisema.

"Na jino?" Wifi akauliza.

"Lilimwagika."

"Kaka yangu, kumbe bakuli lako lina mvuto. Hata meno ya watu yanalikimbilia."

"Cha chini ni cha ufagio. Marehemu mwenyewe hakuwahi kunipinga."

Hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa marehemu hakuwahi kumpinga mtu yeyote.

Wakati wanabishana, Mama Mashine alikuwa amesogeza sikio karibu na mdomo wa chini. Mashine ilikuwa kimya, na katikati ya mchirizi wa mahindi kulikuwa na kitu kingine kinachotoka. Ulikuwa mluzi. Ulitoka vipandevipande, kimoja kirefu kama pumzi, kingine kifupi, kingine kimekatwa katikati, kwa kuwa unga wa Shemeji ulichotwa kidogokidogo kwa watu wengi na siku nyingi. Hakuna mwingine aliyesikia. Walikuwa na mahindi ya kuchambua. Gunia likaisha, na mluzi ukaisha, ukiwa haujafika mahali popote.

Akazima swichi. Akafungua ukosi, akafungua pindo, akavibadilisha. Kazi hiyo ilichukua muda ambao baba mdogo mmoja alihitaji kuamka na kuuliza wamefikia wapi. Akabonyeza kwa ufagio. Mashine ikanguruma kwa kelele zake zote, pamoja na zile za asubuhi ilizokuwa imezimeza, na vumbi likaanguka darini. Akamimina mahindi, ukatoka unga.

Baba mdogo aliyeamka akauchukua kwa vidole, akausugua. "Inasaga," alitangaza. Mwenzake akatikisa kichwa akiwa amelala.

Shemeji akashuka kwenye stuli, akamfuata Mama Mashine, akampa mkono. "Hongera, shemeji," alisema, na alikuwa wa kwanza, kama alivyoahidi. Mnunuzi wa vyuma chakavu akapewa beringi mbovu na karai lililotoboka, akaondoka amenuna.

Sasa kila mtu alikuwa amekinga mahindi yake kwenye nguo, na mashine ilikuwa inazunguka. Wakapanga foleni. Muuza mayai alikuwa mbele. Alipofika, Shemeji alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, bakuli mapajani, ananyoosha mkono kuomba arudishiwe ufagio.

Mama Mashine alibaki nao mkononi. Akawageukia baba wadogo.

"Mashine ni yako, mwanangu," yule aliyekuwa macho akasema. "Wala hakuna atakayekugusa. Ila kigoda ni cha ukoo."

Akawageukia wateja. Muuza mayai akaangalia mahindi yake. Mwalimu mstaafu akakohoa.

"Tumeshamzoea," mwalimu alisema. "Afadhali mwizi unayejua anapokaa."

"Akiondoka yeye atakuja mwingine mwenye bakuli jipya," mpishi wa shule akaongeza, akilikagua jino kwa ulimi.

Mama Mashine akamrudishia Shemeji ufagio. Akapanda kwenye stuli, akamimina mahindi mekundu ya muuza mayai, yaleyale, na chini ukatoka unga, na kidogo kikamwagika upande wa bakuli. Foleni ikasogea. Kabla ya jioni Shemeji alikuwa amejaza tena karibu nusu ya lile gunia.

Jumapili mashine hulala. Mama Mashine alifunga mlango kwa ndani, akachukua mkebe uliokuwa kwenye rafu ya chumba chake. Ndani yake kulikuwa na unga wa siku ya mwisho ambayo mumewe alipanda kwenye stuli. Alikuwa ameula siku zote za msiba bila kujua, akabakiza kiasi cha kujaza vikombe viwili, kisha akashindwa kuendelea na hakujua ni kwa nini. Akabadilisha ukosi na pindo. Akawasha, akasubiri mpaka kimya kitulie, akamimina.

Mluzi ukatoka mzima. Ulitoka kinyumenyume, ukianzia mwisho. Haukuwa wimbo mzuri. Ulipanda mahali pasipostahili, ukazunguka, kuna sehemu uliyumba kabisa kama mtu aliyesahau akarudi kuchungulia. Mwisho wake, ambao ndio uliokuwa mwanzo, alisikika mtu akisafisha koo kidogo, kisha punje moja ikadondoka peke yake, na basi.

Akakaa chini sakafuni. Alipomaliza kukaa, alizirudisha zile nyaya, akamimina punje zilezile, zikawa unga. Akageuza tena, akasikiliza tena. Alifanya hivyo mpaka akaukariri, kisha akaanza kuugeuza mdomoni mwake mwenyewe, kipande kwa kipande, kama mtu anayegeuza shati lililofuliwa ndani nje. Haikuwa kazi nyepesi. Alikuwa hajawahi kupiga mluzi, na hewa nyingi ilipita kando. Mara ya mwisho hakusaga. Punje alizirudisha kwenye mkebe, akafunika, akaweka kwenye rafu.

Jumatatu watu walikuja mapema. Shemeji alikuwa ameshakung'uta bakuli na kulitazamisha mahali panapofaa. Mama Mashine akavaa ndala, akabonyeza swichi, akapanda kwenye stuli. Mashine ikanguruma. Akasafisha koo.

Baada ya magunia kadhaa Shemeji aliinua macho, mikono ikiendelea na kazi yake, akaona midomo ya shemeji yake imechongoka. Akasubiri mpaka mashine ilipozimwa ili mkanda upoe.

"Shemeji," aliuliza, "unapiga wimbo gani?"

"Wimbo gani?" Mama Mashine akasema. "Napuliza vumbi tu."